Kabla ya Kushika Chaki

Barabara inayoshuka kutoka nyanda za juu za Mueda kwenda baharini inapita Diaca, kisha Awasse, ndipo inafika Mocímboa da Praia. Hapa ni kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Ukizidi kwenda kaskazini unaukuta mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Mtwara. Mtoto anayekulia upande huu huweza kuongea Kimakonde na bibi yake, akasikia Kimwani kwa watu wa pwani, akaelewana kwa Kiswahili na mgeni aliyevuka mto, halafu asubuhi akaingia darasani ambako ubao, kitabu na mtihani vyote ni vya Kireno. Mbele ya ubao huo amesimama mtu aliyevaa koti jeupe, kama wavaavyo walimu wa Msumbiji. Ndiye ninayetaka kumwandikia habari zake. Kwa miaka mingi nimewatazama watu wa kazi hii, na kadiri ninavyozidi kuwatazama ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu.

Wako wanaosema kwamba anayejua hesabu anaweza kufundisha hesabu, na anayejua historia anaweza kufundisha historia, basi. Si kweli. Mwaka 1986 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kwamba mwalimu ana aina ya ujuzi ambayo hata bingwa wa somo hana: anajua ni wapi somo hilo humkwaza anayeanza, na ni mfano upi utakaomtoa alipokwama. Walimu wazuri walikuwa wakilijua jambo hilo muda mrefu kabla ya kuandikwa. Ujuzi huo hauji wenyewe. Una miaka yake ya kufunzwa, na ina mpangilio wake.

Kwa kijana wa Cabo Delgado anayetaka kufundisha sekondari, njia iliyo karibu ni hii: amalize darasa la 12, afanye mtihani wa kuingia chuo kikuu cha umma, na akifaulu aende Montepuez, kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Rovuma. Makao makuu ya chuo hicho yako Nampula, na jina lake ni jipya. Kabla ya 2019 hapo Montepuez palikuwa tawi la Universidade Pedagógica, chuo kilichoanza mwaka 1985 kama taasisi ya juu ya ualimu, kikapewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1995, na mwaka 2019 kikagawanywa kuwa vyuo vikuu vitano. Jina limebadilika, lakini kazi ya kuwafunza walimu imeendelea.

Shahada yenyewe, ambayo Msumbiji huitwa licenciatura, ni ya miaka minne. Masomo yake mengi ni yale ambayo mtu angeyategemea: somo utakalofundisha, saikolojia ya mtoto na kijana, didaktiki, lugha. Kinachonivutia mimi ni kwamba mazoezi ya ualimu hayakuwekwa mwishoni peke yake. Yanaanza mapema, na mwanzoni kabisa mwanachuo hapewi chaki. Anapewa daftari, anapelekwa shuleni, anaambiwa akae nyuma ya darasa aangalie.

Ukiwa kijana wa miaka ishirini, mwenye hamu ya kuonyesha unachokijua, kukaa kimya nyuma ya darasa la mtu mwingine ni kazi ngumu kweli. Lakini pale nyuma ndipo macho ya mwalimu yanapofunguka. Mara ya kwanza anaona yale ambayo kila mtu anayaona: mwalimu anaongea, wanafunzi wananakili. Akirudi tena anaanza kuona kwamba maswali yote yanakwenda kwenye madawati mawili ya mbele. Anaona msichana aliye pembeni ya dirisha ameinua mkono mara mbili, akaushusha, na hajauinua tena. Anaona mwalimu ameuliza swali zuri, kisha akalijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Anaviandika vyote hivyo, na jioni chuoni wanavijadili. Hakuna anayekuja kumsema vibaya mwalimu aliyeangaliwa. Wanatafuta kuelewa kwa nini alifanya vile, na wao wangefanyaje wakiwa na wanafunzi wengi kama wale na muda mdogo kama ule.

Pia anaiangalia shule yenyewe. Anaona kitabu cha darasa kinavyojazwa, namba ya somo na muhtasari wake, na waliokosekana siku hiyo. Anaona walimu wa somo moja wanavyokaa pamoja kugawa mada za muhula, wiki kwa wiki, kazi ambayo mwalimu wa Tanzania anaijua kwa jina la azimio la kazi. Anajifunza kwamba alama zinahesabiwa kutoka 0 hadi 20, na kwamba 10 ndiyo inayomtenganisha aliyevuka na aliyebaki. Baada ya hapo, katika miaka inayofuata, huingia kwenye mazoezi ya somo lake mwenyewe, na mwisho ndipo anapofanya mafunzo kwa vitendo akiwa na darasa, mkufunzi akija kumkagua. Wasomaji waliopitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au DUCE, au Mkwawa kule Iringa, wanaijua BTP: zile wiki za kupelekwa shuleni, na ule moyo kwenda mbio mkufunzi anapojitokeza mlangoni bila taarifa. Shabaha ni ileile. Ninachokipenda katika utaratibu wa Msumbiji ni muda unaotengwa kwa ajili ya kutazama tu.

Sasa tufike kwenye mpango wa somo, maana hapo ndipo ufundi unapoonekana kwa macho. Ni karatasi yenye safu kadhaa: muda, hatua ya somo, maudhui, anachofanya mwalimu, anachofanya mwanafunzi, mbinu, zana. Hatua ni nne, na mwanachuo wa ualimu Msumbiji anazijua kama sala: utangulizi na kuamsha hamu, kutoa na kupokea maarifa mapya, kuyamiliki na kuyakazia, kuyapima. Zimo kwenye vitabu vya didaktiki wanavyosoma, kikiwemo kile cha Mbrazil José Carlos Libâneo. Kwa mtu wa nje hii ni fomu ya kujaza. Kwa mwalimu ni mahali pa kufikiria dakika arobaini na tano kabla hazijaanza kukimbia.

Mwalimu mmoja wa hesabu wa upande huu wa Cabo Delgado, aliyefunzwa Montepuez, aliniruhusu niusome mpango wake wa somo la aljebra la darasa la nane. Kwenye safu ya maudhui ameandika mazoezi mawili mfululizo, la kwanza 3x + 2x, la pili 3x + 2. Wanafunzi warahisishe. Nilidhani ni mazoezi mawili tu. Kumbe ameyaweka jirani kwa makusudi. La kwanza jibu lake ni 5x, na wengi watalipata. La pili haliwezi kurahisishwa zaidi, lakini mtoto aliyetoka kuandika 5x ataandika 5x tena. Mwalimu anajua kosa hilo litakuja, analijua hata kabla hajajua ni nani atakayelifanya, na amelifungulia mlango liingie mapema, wakati bado kuna muda wa kulishughulikia.

Nani asiyejua namna ya kulishughulikia? Wengi hufanya hivi: x ni maembe, maembe matatu ukijumlisha na mbili ambazo si maembe huwezi kupata maembe matano. Watoto wanacheka, wanakubali, na somo linaendelea. Didaktiki ya hesabu inaonya dhidi ya njia hiyo, na onyo lake lina sababu. x si embe. Ni namba ambayo hatujaijua bado. Mtoto aliyezoea maembe atafika kwenye x mara x asijue embe mara embe ni nini. Kwa hiyo mwalimu huyu hakuandika maembe. Aliandika: waweke namba mahali pa x, walinganishe.

Namba ipi? Hapa nilisimama nikausoma mpango upya. Mwalimu asiye na maandalizi, akiwa na haraka, atachukua 1, kwa sababu ni nyepesi. Mara tatu moja ni 3, ukiongeza 2 unapata 5. Na 5x, x ikiwa 1, ni 5. Zimelingana! Mtoto aliyekosea amethibitishiwa ubaoni, mbele ya wenzake wote, kwamba amepata, na mwalimu amebaki na chaki mkononi hana la kusema. Katika mpango ule, pembeni ya safu ya mbinu, palikuwa pameandikwa kwa kalamu nyekundu: tumia 4. Mara tatu nne ni 12, ukiongeza 2 ni 14. Mara tano nne ni 20. Kumi na nne si ishirini, na hakuna anayehitaji kuambiwa zaidi.

Namba hiyo moja, iliyochaguliwa usiku wakati hakuna anayemwona, ndiyo inayonifanya niiheshimu kazi hii. Darasani haionekani. Mwanafunzi ataona mwalimu kasema tu "tujaribu nne", kama kwamba ingeweza kuwa namba yoyote. Fundi wa mlango naye huficha kiungo ndani ya mbao. Mkaguzi anayekuja na fomu yake ataweka tiki kwenye kisanduku cha mbinu shirikishi, na hiyo nne itampita. Lakini ndani yake mna miaka ya kukaa nyuma ya madarasa ya wengine, ya kusahihisha madaftari, na ya kuulizwa na mkufunzi: kwa nini mfano huu na si ule?

Ni lazima niwakumbuke pia waliofundisha bila kupata maandalizi kama haya. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, karibu watu 93 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika, na walimu wengi wa Kireno walikuwa wanaondoka. Tarehe 8 Machi 1977 Samora Machel aliwaita wanafunzi wa sekondari na kuwaambia waache masomo yao wakalitumikie taifa, na wengi wao wakapelekwa kuwa walimu. Kijana aliyekuwa anaota kuwa daktari au mhandisi alijikuta mbele ya wanafunzi waliokaribia kuwa rika lake. Wanaitwa kizazi cha Machi 8, na hadi leo ukimkuta mmoja wao atakueleza alivyokuwa anasoma usiku sura atakayofundisha asubuhi. Kabla yao walikuwepo walimu wa wakati wa vita vya ukombozi. Risasi za kwanza zililia Chai, hapahapa Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, na katika maeneo yaliyokombolewa FRELIMO ilifungua shule chini ya miti. Waliosonga mbele walivuka Ruvuma wakasome kwenye Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam, na baadaye katika shule ya sekondari ya FRELIMO huko Bagamoyo. Waswahili wa Tanzania wana mkono wao katika historia ya mwalimu wa Cabo Delgado, na ni jambo la kujivunia. Watu wale walifundisha kwa walichokuwa nacho. Lakini wao wenyewe ndio waliodai kwamba watoto wao wapate walimu waliofunzwa, na taasisi ya 1985 ilikuwa sehemu ya jibu.

Shahada ikishapatikana, bado kuna karatasi. Watu huzidharau, mimi sizidharau. Kufundisha katika shule ya serikali Msumbiji kumefungamana na utumishi wa umma: nafasi zinatangazwa, mwombaji anapeleka shahada, hati ya kutokuwa na hatia ya jinai, cheti cha afya na vitambulisho, anashindanishwa. Akichaguliwa, uteuzi wake hupitia Mahakama ya Utawala kupata kibali kabla ya kuapishwa. Mwenye licenciatura huingia ngazi inayoitwa N1. Na uteuzi wa kwanza ni wa muda, miaka miwili, ambayo ndani yake anatathminiwa kabla ya kuthibitishwa kazini. Mhandisi au mchumi mwenye shahada nzuri, asiyepata mafunzo ya saikolojia na ufundishaji, hahesabiwi sawa na aliyefunzwa ualimu, na naona ni haki.

Majirani wana njia zao. Kenya, Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na kupata namba ya TSC, na kwa sekondari wanadai C+ ya jumla katika KCSE pamoja na C+ katika masomo mawili atakayoyafundisha. Tanzania Bara ilitunga sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu mwaka 2018, ili mwalimu asajiliwe kama wanavyosajiliwa madaktari na wahandisi. Kila nchi imelinda mlango kwa namna yake. Linalobaki kuwa aibu ni kumdai mwalimu karatasi zote hizo kisha kumcheleweshea malipo yake, na walimu wa Msumbiji wamelilalamikia hadharani suala la saa za ziada ambazo hazijalipwa. Ufundi wa namna hii haustahili kudaiwa kwa mkopo.

Huku kaskazini kuna mzigo mwingine juu ya yote hayo. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na vita vilivyofuata vikawatawanya watu: wengine Mueda, wengine Montepuez, Pemba na Nampula, wengine wakavuka kwenda Tanzania. Mji ulitekwa Agosti 2020, ukarudi mikononi mwa serikali Agosti 2021, baada ya majeshi ya Msumbiji na Rwanda kuishika barabara hii inayopita Diaca na Awasse. Shule zilifungwa, nyingine zikachomwa. Watu walipoanza kurudi, mwalimu aliyerudi nao alilikuta darasa ambalo umri wa wanafunzi haufanani: mmoja alisoma miaka yote akiwa ukimbizini, mwingine hajashika kalamu kwa miaka mitatu, na wote wameandikishwa darasa moja. Hapo hatua ya kwanza ya mpango wa somo, ile ya utangulizi, inabeba kazi mpya. Mwalimu anapaswa kugundua ndani ya dakika chache nani anakumbuka nini, bila kumwaibisha aliyepoteza zaidi. Nimemwona mmoja akifanya hivyo kwa swali moja lenye majibu ya viwango vitatu, ili kila aliyejibu awe amejibu kitu cha kweli.

Na kuna suala la lugha. Tangu 2003 shule za msingi za Msumbiji zimekuwa zikijaribu elimu ya lugha mbili, na Kimwani na Kimakonde ni miongoni mwa lugha zilizoingizwa. Sekondari ni Kireno. Mtoto akiulizwa swali, analisikia kwa Kireno, analifikiria kwa lugha ya mama yake, kisha anarudi kulitafutia maneno ya Kireno ya kujibia. Safari hiyo inachukua muda. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Wale walikuwa watoto ambao wengi wao waliulizwa kwa lugha yao wenyewe.

Mwalimu yule wa aljebra anaujua utafiti huo, lakini kilichombadilisha ni mwenzake. Shule za Msumbiji zina utaratibu wa walimu kuingia katika madarasa ya wenzao, kukaa nyuma na daftari, kama walivyofanya wakiwa wanachuo. Mwenzake wa fizikia aliingia kwenye somo la 3x + 2, na baada ya kengele wakaketi wawili kwenye chumba cha walimu. Alimsifu kwa ile nne. Kisha akamwambia kwamba baada ya kuuliza "kwa nini hazilingani?" alisubiri kidogo mno, na kijana wa dawati la tatu aliyeandika 5x alikuwa ameshaanza kusema kitu kuhusu namba moja.

Wakautoa mpango wa kesho, somo la milinganyo. Dakika tano akaziondoa kwenye hatua ya kukazia akazipeleka kwenye maswali. Mfano wa kwanza aliokuwa ameuchukua kitabuni akaufuta, na mahali pake akaandika 3x + 2 = 5x, halafu chini yake swali la kumuuliza yule kijana: kuna namba moja tu ambayo kwayo ulikuwa sahihi, ni ipi, na utatuonyeshaje kwamba hakuna nyingine?